Jozi Tisa za Patagonia

Mzee Ithel alishona buti za watu na matandiko ya farasi bondeni kwetu, Wales, kwa miaka thelathini na minne, na ni haki kusema kwamba katika muda huo wote farasi hawakulalamika hata mara moja. Watu ndio waliokuwa na maneno.

Ukutani mwa karakana yake zilining'inia kalibu za mbao alizoshonea viatu, mguu wa kila mkaaji wa bonde, jina limechongwa kisiginoni. Ukifa, kalibu yako iligeuka kuni ya kuchemshia chai. Moja tu haikuwahi kushika vumbi: ya Emlyn, mwanawe wa pekee, aliyepimwa akiwa na miaka kumi na saba, wiki ile aliyopanda meli kwenda Patagonia, Amerika Kusini. Kila mwaka Mzee alishona jozi moja juu ya kalibu hiyo, kwa ngozi bora kuliko aliyowahi kumpa yeyote kati yetu, akaituma. Kila mwaka barua ilirudi, naye akatusomea nje ya kanisa kwa sauti ya mtu anayesoma Waraka kwa Warumi: "Baba, buti zimefika. Asante."

Kisha aliongeza ya kwake: "Anatembea ndani ya kazi yangu. Siku moja zitamrudisha."

Kando ya benchi lake palikuwa na kigoda cha Emlyn, kitupu. Sisi wavivu tuliokwenda pale kupiga soga tulikalia magunia.

Mwaka wa tisa alirudi Hopkin kutoka huko huko Patagonia, kijana wa kinu cha kusagia nafaka cha juu ya bonde, bila mali na akiwa na meno machache kuliko aliyoondoka nayo. Aliingia karakanani akichechemea, akavua buti moja.

"Soli imeachia, Mzee. Nishonee kabla ya Jumapili."

Mzee Ithel aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Akaupitisha tena.

"Umezipata wapi?"

"Dukani kwa Emlyn wako. Nilimpa kondoo wawili."

"Alikuwa na shida?"

"Shida gani? Ana duka, ana mke, ana kitambi. Hizi huziweka dirishani. Kule zinagombaniwa, Mzee, mimi nilingoja zamu miaka miwili."

"Na yeye huvaa nini?"

Hopkin alitutazama, akitafuta wa kumwokoa. Sisi tulikuwa na kazi nzito ya kukagua dari.

"Za kiwandani," akasema. "Zako hazimwingii. Hata zile za kwanza hazikumwingia. Alikua, Mzee. Watu hukua."

"Mkono wake si mzima? Angeandika."

"Angeandika nini? Wewe ulikuwa unafurahi. Na zilikuwa zinauzika."

Modlen muuza mayai akashusha kikapu chake. "Tusimwonee Emlyn," akasema. "Barua zilisema kweli tupu. Zilifika."

Tulicheka. Ninaandika hili kwa heshima zote zinazotustahili, yaani hakuna: sisi wale wale tuliokuwa tukimwombea Emlyn kila Jumapili, miguu yake ikitajwa kabla ya wagonjwa.

Mzee hakucheka wala hakugomba. Alishona soli, akakata uzi kwa meno. Kisha akaishusha kalibu ya Emlyn. Birika lilikuwa jikoni na moto ulikuwa unafifia, kwa hiyo wote tulijua inakokwenda.

Akakisukuma kigoda kwa mguu.

"Keti."

"Hapo?" Hopkin akauliza. "Si ni cha..."

"Keti, vua soksi."

Hopkin akaketi kama mtu anayekalia yai. Mzee alimpima unyayo, akapima kile kinundu kando ya kidole gumba, halafu akakata kipande cha ngozi na kukigongomelea kwenye kalibu ya mwanawe, pale pale kinundu kilipokuwa kwa Hopkin. Alifanya kazi safi, kama kawaida yake.

"Huko Patagonia," akauliza, misumari ikiwa bado mdomoni, "watu wengi wana miguu ya ukubwa gani?"