Mstari wa Pili

Tangu mwaka uanze, Hajira alikuwa akibishana na mstari mmoja mwembamba. Alikuwa mtafiti katika maabara ndogo ya chuo kimoja mjini Masasi, akichunguza dawa ya kutuliza msokoto wa tumbo. Dawa ile ilijulikana kushika protini moja tu katika misuli ya utumbo. Lakini kila alipoitia alama ing'aayo, akaichanganya na protini za utumbo wa mbuzi na kuzitenganisha kwenye jeli, mistari miwili iling'aa: ule wa siku zote, na mwingine chini yake, hafifu, usio na jina.

"Huo ni uchafu," alisema msimamizi wake, Dkt. Fortunatus, bila ukali. "Umetoka kwenye utando wa ndani, si kwenye misuli. Niletee misuli mitupu, nitakusikiliza."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Utumbo wa machinjioni ulimfikia umechelewa, umelegea, utando umegandamana na misuli. Alikwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Mstari ukabaki, na shaka ikabaki.

Binamu yake alipoolewa, Hajira alipanda Newala. Shangazi yake, Mwanakombo, ndiye aliyeshika jiko. Mbuzi walichinjwa uani asubuhi, na jua lilipoanza kuwaka Hajira alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni.

"Shikamoo, shangazi. Naomba utumbo mmoja, ungali na joto."

"Marahaba, mwanangu. Wa kupika?"

"Wa kazini."

Wanawake wakaangua kicheko. "Msomi mzima anasafiri na matumbo!"

Hajira akacheka nao huku akiupindua utumbo na kuukwangua. Kwa kuwa ulikuwa mbichi kabisa, utando ulibanduka wote, misuli ikabaki myeupe, ikinywea kila alipoigusa. Akaitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu.

"Hiyo chupa usinirudishie," shangazi akasema.

Pilau ya harusi ikampita. Mchana huohuo alikuwa Masasi, Dkt. Fortunatus amesimama nyuma ya bega lake. Mistari ikatokea tena, yote miwili. Kisha Hajira akarudia jaribio, safari hii akiizamisha misuli kwanza kwenye dawa tupu isiyo na alama. Mistari yote ikatoweka: dawa tupu ilikuwa imeshakalia nafasi zote.

Dkt. Fortunatus aliisogeza jeli kwenye mwanga. "Uchafu haufanyi hivi," akasema. "Hongera, Hajira."

Sampuli ikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine ya kutambua protini. Majibu yaliporudi, ilikuwa protini inayofahamika kwa kazi nyingine kabisa. Wala katika machapisho yote waliyopekua hawakuona mtu aliyeikuta ikishikwa na dawa hiyo. Hajira akampigia shangazi simu.

"Sasa inafanya nini humo tumboni?"

"Bado sijui. Ndiyo kazi inayofuata. Huenda tukapata dawa itulizayo tumbo bila kumkausha mtu kinywa."

"Basi fanyeni haraka! Kile kidonge changu cha tumbo hunikausha kinywa mpaka nashindwa kusema."

"Na mumeo, Baba Ashiru, hapo anashukuru Mungu."

Shangazi alicheka mpaka simu ikakatika. Hajira akafungua dirisha la maabara, upepo ukaingia, akaanza kuosha vyombo huku akiimba.