Msimamizi Aliyeanza Kuuliza Hali

Tangu aanze kazi katika ghala la karafuu pale Malindi ya Mji Mkongwe, Bi Sichana hakuwahi kumsikia Mmanga akimuuliza mtu hali. Mmanga alikuwa msimamizi wa wanawake wachambuaji, na kauli zake zilikuwa mbili tu: fanyeni upesi, na nyamazeni. Asubuhi alipita baina ya majamvi waliyokalia, akachota karafuu kiganjani, na akiona makonyo, vile vikonyo vya karafuu, au vijiwe alizimwaga mbele ya mwenyewe bila ya kusema neno. Wanawake hawakumpenda, lakini walimzoea. Walijua lini atafoka na lini atanyamaza, wakaishi naye hivyo.

Ndiyo maana siku aliposimama mbele ya jamvi la Sichana na kusema, "Shikamoo Bi Sichana. Mwanao Hija anaendeleaje na kifua?" mikono yote ilisita juu ya nyungo.

"Marahaba. Hajambo," alijibu Sichana. Alimfuata kwa macho mpaka akafika mwisho wa ghala, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kamwambia kama mwanangu ana kifua?"

"Mie," alisema Mwanakheir, mdogo kwake kwa umri, waliyekaa naye jamvi moja. "Jana kaniuliza habari zenu nyote, mmoja mmoja. Nani katoka wapi, ana watoto wangapi, mume yuko wapi."

"Nawe ukamwambia?"

"Kaniuliza kwa uzuri, dada."

"Ndo nnaloogopa hilo," alisema Sichana.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mjini na mitaa ya Ng'ambo watu walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho. Ukinunua sukari duka hili uliambiwa wewe wa huku, ukinunua lile uliambiwa wewe wa kule, na walikuwapo ndugu walioacha kuzikana. Katika mwaka kama huo, msimamizi anayeulizia watu walikotoka na majina ya watoto wao hakuwa na jambo jema. Wako waliosema anapeleka majina chamani. Wako waliosema ghala linataka kufungwa, na anatafuta wa kuwatoa mwanzo. Mmoja alisema kafanyiwa kitu na mkewe. Sichana hakushika lolote katika hayo, na hakuliacha lolote.

Mmanga naye alizidi. Alianza kusema "kazi safi" hata pale ambapo kazi haikuwa safi. Alijifunza kutabasamu, tabasamu lililochelewa kufika na kuchelewa kuondoka. Halafu akaanza kuja na gazeti. Wakati wa mapumziko alikaa juu ya gunia akawasomea: bei ya karafuu, nani kashinda mpira, meli gani imetia nanga. Wanawake walisikiliza wakitafuna mihogo yao. Sichana hakujua herufi za kizungu, lakini aliona katika ukurasa mmoja picha ya wachukuzi wamekusanyika mbele ya lango, mikono juu. Mmanga alipofika hapo alikohoa, akafunua.

"Na hao?" aliuliza Sichana.

"Hao wepi?"

"Waliokusanyika."

"Ah, hayo mambo ya watu wa bandarini. Hayatuhusu."

Sichana alirudi kwenye ungo wake. Siku hiyo aliwaambia wenziwe: mtu huyu akikuulizeni lolote, jibuni Alhamdulillahi, basi.

Wote walimsikia isipokuwa Mwanakheir. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Bububu, hana wa kumgeuza kitandani, na Mwanakheir alikuwa akienda kila siku baada ya kazi na kurudi amechoka hoi. Mmanga alimkuta akisinzia juu ya karafuu. Zamani angemmwagia ungo. Safari hii alichutama, akamuuliza kuna nini, na Mwanakheir akamwambia yote, mpaka machozi yakamtoka.

Wiki haikwisha, Mwanakheir akaitwa na meneja. Alirudi kuchukua kanga yake. "Kaniambia nikamuuguze mama yangu," alisema. "Kaniambia nafasi yangu keshampa mwengine."

Hakuna aliyemtazama Mmanga. Naye Mmanga hakumtazama mtu.

Jioni ile Sichana hakupitia sokoni. Alikwisha kusikia kuwa Mmanga alikuwa akionekana katika chumba cha kusomea vitabu na magazeti, humo humo Mji Mkongwe. Mtunzaji wa vitabu hapo alikuwa Borafya, jirani yake wa Kikwajuni, kijana mpole wa miwani. Sichana aliingia na buibui lake, wanaume wawili watatu wakainua vichwa kutoka kwenye magazeti, akapita kama hakuwaona.

"Shikamoo Bi Sichana! Kuna salama huko nyumbani?"

"Marahaba. Salama. Mwanangu, nambie, Mmanga anafanya nini hapa?"

Borafya alicheka. "Watu wanafanya nini hapa, Bi Sichana? Anasoma."

"Anasoma nini?"

Borafya alisita, lakini alikuwa mtu anayependa kuulizwa habari za vitabu. Alinyanyuka akarudi na vitatu. Cha kwanza, alisema, kilihusu namna ya kuwaongoza watu kazini. Cha pili, namna magazeti na redio zinavyoingia katika fikra za watu. Cha tatu kilikuwa cha elimu ya nafsi, kwa nini mtu hukasirika, kwa nini hupenda, kwa nini hufuata.

"Mie ndiye niliyemchagulia," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Alikuja hapa akanambia, Borafya, nataka kitabu kitakachonifunza kukaa na watu."

"Nawe uko upande gani hata ukamchagulia?"

"Upande gani wa nini? Mie natoa vitabu tu, Bi Sichana."

Sichana alimtazama, hakumwamini sana. Akakitia kidole kile kitabu cha kwanza. "Nisomee. Pale wanapozungumzia watoto."

Kilikuwa cha Kiingereza. Borafya alifunua, akapata mahali, akafasiri polepole: mfanyakazi anayeulizwa habari za wanawe kwa majina huiona kazi kuwa yake, na huzidisha juhudi bila ya kudai kuzidishiwa mshahara.

"Rudia."

Akarudia.

Sichana alikifunika kile kitabu. Alikuwa amekuja kutafuta jasusi, na jasusi angemjua namna ya kumkabili. Hili lilimuuma mahali pengine. Alikumbuka kwamba mara moja, kabla hajawaonya wenziwe, Mmanga alimuuliza tena habari za Hija naye akajibu kwa urefu, akamweleza dawa gani wamejaribu na ipi imesaidia, na siku ile alikwenda nyumbani moyo mwepesi. Na ni kweli, siku ile alichambua karafuu nyingi kuliko kawaida.

Asubuhi alimngoja Mmanga mlangoni mwa ghala.

"Ulipokuwa ukiniuliza habari za mwanangu," alisema, "alikuwa akiniuliza nani? Wewe au kitabu?"

Mmanga alibadilika rangi. Alitazama nyuma yake, akaona wanawake wamesimama. Angeweza kufoka, wengine baadaye walisema walitamani afoke.

"Mwanzo, kitabu," alisema.

"Na baadaye?"

"Baadaye nikawa nataka kujua."

"Na Mwanakheir?"

"Nilikwenda kwa meneja kumuombea ruhusa, Bi Sichana. Siku chache amuuguze mamaake. Wallahi sikumpeleka afukuzwe. Kitabu kinasema shida za watu zifikishwe kwa mkubwa."

"Kitabu kinamjua meneja wetu?"

Mmanga alisema, "Sikufunzwa, Bi Sichana. Kwetu hatukuwa tukiulizana hali. Baba akiingia, sote tulinyamaza."

"Huenda ni kweli," alisema Sichana. "Na huenda ukurasa unaofuata wa kitabu chako umeandika useme hivyo. Mie ntajuaje?"

Wakaingia kazini. Kutoka siku hiyo Mmanga hakuuliza tena, wala hakuleta gazeti. Alipita baina ya majamvi kimya. Lakini msimu uliposhika, magunia ya shamba yakajaa mpaka mlangoni, alimwita Mwanakheir arudi bila ya kumuuliza meneja. Meneja alimkemea mbele ya watu, Mmanga akasema mikono inahitajika, na Mwanakheir akabaki.

"Kajitia matatani kwa ajili yangu," alisema Mwanakheir.

"Au anataka tumsifu," alisema Sichana.

Mama yake Mwanakheir alifariki baada ya hapo. Wachambuaji walipanda gari la Bububu kwenda mazikoni, na kulikuwa na joto, nyumba ndogo imejaa wanawake. Wanaume walikaa nje juu ya mikeka. Mtu alichungulia, akarudi akisema Mmanga naye yupo, amekaa mwisho kabisa, karibu na mfereji, hazungumzi na mtu.

"Kaja kwa nini?" aliuliza mmoja.

"Kitabu kimemwambia," alisema mwengine, na wawili watatu wakacheka chini ya kanga.

"Vitabu alivirudisha kitambo," alisema Sichana. "Borafya kanambia."

"Basi atakuwa kavihifadhi."

Mwanakheir aliinua uso uliovimba kwa kulia. "Mie nimechoka kumshuku mtu. Mamaangu kafa, na huyu kaja. Mpelekeeni kahawa."

Hakuna aliyenyanyuka, mpaka Sichana aliponyanyuka mwenyewe. Alimimina kahawa, akaipitisha mlangoni, ikafikishwa mkono kwa mkono mpaka mwisho wa mikeka. Kisha akasimama nyuma ya pazia akimtazama Mmanga anavyopokea kikombe, anavyosema asante bila ya kujua kimetoka kwa nani, anavyokunywa kidogo kidogo akiwa ameinamisha kichwa. Alimtazama mpaka fatiha ikasomwa na watu wakaanza kuondoka. Na alipogeuka kurudi kwa wenziwe, wakamuuliza ameonaje, alisema hajui.