Dada wa Sehemu ya Saba

Sehemu ya saba ya fomu ilitaka majina ya ndugu walio raia wa nchi nyingine. Niliandika bila kufikiri: Bitutu, dada, muuguzi, Bremen. Alichukua uraia wa Ujerumani mwaka juzi.

Wiki tatu baadaye niliitwa Nairobi. Kazi niliyoahidiwa, ya kulinda mawasiliano ya wizara, haingeanza bila kibali cha usalama, na faili yangu ilikuwa kwa afisa aitwaye Mosoti.

"Madam Chepchirchir, mimi ni Mkisii," alisema. "Bitutu ni jina la kwetu. Watu wangu walifika kijijini kwenu, Ndanai. Majirani wanasema mama yako alizaa mmoja tu, wewe. Yeye anaapa alizaa wawili. Nani anatudanganya?"

Aligonga faili kwa kidole.

"Dada Mjerumani si kosa. Tunaandika, tunapima, tunasonga. Kinachoangusha watu hapa ni kuficha. Niletee maelezo Ijumaa, la sivyo nafunga faili."

Jibu nililijua, ila halikuwa langu kulitoa. Bitutu alikuja kwetu akiwa na miaka sita, mimi mitano. Mama yake, Nyabate, alitoka ng'ambo ya Chepilat, upande wa Wakisii, na alikuwa akituchumia chai. Alipofariki, hakuna aliyekuja kumchukua mtoto. Mama alimpaka siagi kichwani, akatunywesha mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kibuyu kimoja, kisha akawaambia majirani: atakayesema mtoto huyu ametoka kwingine asikanyage boma langu. Ndivyo kwetu mtoto wa mwenzio anavyokuwa wako. Alikotoka hakutajwi tena.

Tulichuma kwa kikapu kimoja, sketi zimelowa umande hadi kiunoni. Bitutu alipenda kujaza majani yaliyokomaa chini ili tumalize haraka, na karani wa kituo cha kupimia chai aliyamwaga yote mbele ya watu. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Akiwa peke yake kwenye mistari ya juu ya shamba aliimba kwa Kikisii. Mama akikaribia, alinyamaza.

Alhamisi nilimkuta Mama nyumbani akisugua ndani ya vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto.

"Mama, ni lazima niseme."

"Sema una dada."

"Nimesema. Watanikatalia kazi."

"Basi rudi uchume chai. Mikono si bado unayo?"

Alisugua kibuyu kingine, na kingine. Mwishowe akakiweka chini.

"Mpigie. Kama ni kusemwa, asikie kwangu kwanza."

Bitutu alitokea kwenye simu akiwa na sare ya kazi.

"Mama, naona pua tu! Sogeza simu nyuma."

"Nyamaza unisikize. Wewe hukutoka tumboni mwangu. Mama yako aliitwa Nyabate."

Nilimwona Bitutu akikaa.

"Mama, nilikuwa na miaka sita. Nilijua."

"Na hukusema miaka yote hiyo?"

"Ningesemaje? Si ulisema atakayesema asikanyage boma? Niliogopa utanifukuza!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu, kisha akajifuta macho kwa leso yenye masizi.

"Mama Nyabate alikuwa akiimba akichuma," Bitutu alisema. "Nimebaki na mstari mmoja tu. Mingine imepotea."

Mama, ambaye hakuwahi kusema hata neno moja la Kikisii mbele yetu, akaanza kuimba. Aliimba polepole, akikosea maneno, mistari yote minne. Alikuwa ameutunza wimbo huo miaka ishirini na mbili.

Niliandika maelezo palepale, nimekalia kigoda: Bitutu ni dada yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake mzazi aliitwa Nyabate. Mama alitukataza kulitaja jambo hili, na leo ametoa ruhusa.

"Neno dada umelitanguliza?" Mama aliuliza.

"Nimelitanguliza."

"Basi peleka."

Ijumaa Mosoti aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya faili, na faili akaihamishia upande wa zile zinazosonga.

"Nyabate," alisema taratibu, kama mtu anayemwita jirani.