Siku Boflo Alipompenda Bwana Uthman

Kwanza nieleweke: mimi Ruba sikuwahi kupenda mbwa. Nimeachwa mara mbili, nimelea watoto wa ndugu yangu, nimewapikia wageni wa Shela tangu nikiwa na meno yote, na katika hayo yote hapakuwa na mbwa. Sasa yuko. Ni buldogi, uso umebonyea kana kwamba aligonga ukuta akikimbia, anakoroma akiwa macho, na tumbo lake hutoa hewa ambayo hata udi hauiwezi. Tajiri yangu, Jerioth wa Nairobi, alimwita Boflo siku alipojifunza kwamba huku mkate huitwa hivyo.

Tabu ya Boflo ni kwamba hawezi kuvumilia kutotazamwa. Ukikuna nazi, anakuegemea mguuni kwa uzito wake wote. Ukizungumza kwa simu, anaguna kama mgonjwa. Ukizidi kumpuuza, anaiba kiatu chako na kukaa nacho mlangoni, hakitafuni, anangoja tu umgombeze. Na kila akinilamba, sharti nioshe pale mara saba, moja kwa udongo, ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwenye madrasa. Shela ni mchanga mtupu, kwa hiyo udongo naagiza kwa watu wa mashamba. Jirani ameshaniuliza kama siku hizi nafinyanga vyungu.

Mwezi wa Shaabani Jerioth alikwenda kwao, akaniomba nilale nyumbani kwake nimwangalie mbwa wake. Ndipo ndugu yangu Mselem akaniletea posa. Mposaji alikuwa Bwana Uthman wa Faza, amefiwa na mke, ana duka la vipuri vya pikipiki na hakosi safu ya mbele msikitini.

"Huyu ukimkataa, mimi sina mwingine," Mselem akaniambia.

Nami nilimtaka mume, nasema wazi. Nimechoka kula peke yangu nikizungumza na sufuria. Nilipaka hina mpaka viwikoni, nikafukiza nguo, nikapika mahamri. Na kwa kuwa mbwa sikuweza kumwacha, nilimwambia Mselem amlete mgeni huko huko. Wakaketi dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Boflo nilimfungia stoo.

Sijamaliza kumimina kahawa nikasikia mlango wa stoo unasukumwa. Alikuwa amegundua kwamba watu wanakirimiwa bila yeye. Akanipita mimi, akampita Mselem aliyekwisha kupanda juu ya kiti na kikombe chake, akaenda moja kwa moja kwa yule asiyemtazama. Bwana Uthman alikuwa kwenye simu, amevua viatu. Boflo akamlalia miguuni, akashusha pumzi ya raha, akamlamba mguu wa kulia kuanzia vidoleni hadi kifundoni.

Bwana Uthman hakupiga kelele, na hilo lilinipendeza. Aliunyoosha mguu mbele yangu.

"Lete mayi," akasema. "Na udongo."

Nilimfunga Boflo kwenye nguzo ya mlango, nikaleta ndoo, kopo na udongo wangu. Mara ya kwanza nilimimina maji ya udongo. Nilidhani atainama ajisugue. Alirudi kwenye simu.

"Ya pili," akasema, nami nikamimina. "Mamangu hainuki kitandani. Ataka kuoshwa asubuhi na jioni."

"Allah amponye," nikasema.

"Ya tatu. Mayi yafike tini ya kisigino." Akatelezesha kidole kwenye kioo. "Marehemu mke wangu alikuwa hachoki. Ya nne."

Ya tano ikamaliza maji. Nikaingia ndani kujaza ndoo, nikijiambia kwamba mtu huwa na haya siku ya kwanza. Nilipotoka, Bwana Uthman alikuwa akimweleza Mselem bei ya matairi, na hakuna aliyeinua kichwa. Boflo aliinuka. Mkia hana wa maana, kwa hiyo alitikisa makalio yote mpaka akaanguka ubavu. Nilikuwa nimekwenda kujaza ndoo tu.

Nikaiweka ndoo chini. Waume wawili nilikaa nao, na huyu wa tatu yuko njiani, na anayefurahi nikiingia ni huyu mwenye pua bapa.

"Ya sita," akasema Bwana Uthman.

Nikamimina. Kisha nikamwambia, "Hebu nitazame, Bwana Uthman."

Akautazama mguu.

"Bado moya," akasema.

Nikaliweka kopo kando yake. "Hiyo moya jimiminie mwenyewe."

Alijimiminia, kwa kweli, tena kwa utaratibu. Akavaa viatu, akatoa salamu, akashika ndia akaenda zake. Mselem alibaki juu ya kiti chake cha mawe na kahawa iliyopoa.

"Ruba," akasema, "wamkataa mtu mzima kwa sababu ya mbwa?"

Nikakusanya vikombe. Alipokwisha kuondoka nilimfungua Boflo, nikaketi pale nikalia, maana hina ilikuwa imekolea vizuri na hapakuwa na wa kuiona. Boflo akanipandia mapajani, mzito kama gunia, akanilamba machozi yote, mashavu na kidevu. Nikamtukana. Kisha nikaenda kuosha uso mara saba, na safari hii nilihesabu mwenyewe.