Mwaka wa Mwisho wa Ndarugu Open

Kwa miaka kumi na saba, kila Februari, wachezaji wa gofu wa kulipwa walikuja Ndarugu Open, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika. Walitoka Zambia, Nigeria, hata Ireland. Watu wa mtaa wa Kiandutu, Thika, walitembea asubuhi yote ili wasimame nyuma ya kamba watazame. Mkenya hakuwahi kushinda.

Mwaka wa 1998, Mkenya mmoja, Githae, alikaribia. Aliyembebea mfuko wa fimbo alikuwa dada yake mdogo, Waceke, kedi wa kike wa pekee pale. Uwanja wote aliupima kwa hatua zake mwenyewe, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi.

Walifika shimo la mwisho Githae akiongoza kwa pigo moja. Mbele yao kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto, bendera ya shimo.

"Chukua fimbo namba tano," Waceke alisema. "Upepo unatupiga usoni."

"Sita inatosha."

"Githae, sita haifiki mbali kama tano. Haivuki mto."

Githae aliichomoa sita mwenyewe. Mpira ulipanda vizuri, watu wakaanza kupiga makofi, kisha ukatumbukia majini. Alishindwa kwa pigo moja.

Waandishi wa habari walimzunguka kwenye baraza la klabu. Waceke alikuwa hatua tatu nyuma yake, mfuko ungali begani.

"Kedi alinipa fimbo isiyofaa," Githae alisema. Hakugeuka.

Waceke aliushusha mfuko chini. Huyo ni ndugu yangu, alijiambia, ana uchungu. Mwaka ujao tutarudi, tutashinda, naye atasema ukweli mwenyewe.

Lakini bei ya kahawa ilianguka, na kampuni iliyodhamini mashindano ikajitoa. Miaka miwili watu walisema mdhamini mwingine anakuja. Hakuja. Nyasi zikawa kichaka, kichaka kikakatwa ploti, na leo pale kuna nyumba za kupangisha.

Hakuna mchezaji aliyemtaka Waceke tena. Alienda kuuza mitumba soko la Ruiru. Yeye na Githae walisalimiana harusini na matangani kama watu wa makanisa mawili tofauti. Walipomzika mama yao, kila mmoja alisimama upande wake wa kaburi.

Mwaka jana Lynn, binti wa Githae, alimpigia shangazi yake simu.

"Tata, njoo umwone Baba. Anasahau. Jana ameniita mami."

Ilimchukua Waceke wiki tatu kukubali. Alimkuta ghorofani kwa Lynn, mtaa wa Kahawa Wendani, amekaa kwenye roshani akitazama nguo za wanafunzi wa jirani zikikauka.

"Karibu, mama," Githae alisema kwa heshima. "Wewe ni wa kanisa?"

Waceke alivuta kiti. "Eeh," alijibu.

Lynn aliwaletea chai. Githae alikunywa nusu kikombe, kisha akaanza kusimulia, bila kuulizwa.

"Mimi nilicheza gofu, unajua? Dada yangu alinibebea fimbo. Aliniambia tano. Nikachukua sita. Halafu nikamwekelea yeye makosa, mbele ya watu."

"Mbona hukumwomba msamaha?"

"Si tulikuwa turudi mwaka uliofuata? Ningeshinda, ningesema mbele ya watu walewale." Aliweka kikombe chini. "Ukimwona huko kanisani, mwambie aje. Hajawahi kuja."

"Githae, ni mimi. Ni Waceke."

Githae alitabasamu kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni.

"Hapana, mama. Waceke ni msichana."

Tangu siku hiyo Waceke alikwenda kila Jumatano, na kila Jumatano alikaribishwa kama mgeni wa kanisa. Alimkataza Lynn kumsahihisha. Wakati mwingine Githae alisimulia habari ile tena. Wakati mwingine alilala tu, naye Waceke akamkatia kucha.

Githae alifariki Agosti. Kwenye mazishi, mwongoza shughuli alimwita dada wa marehemu aseme machache. Waceke alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," alianza.

Kati ya waliongoja walikuwa wengine waliomsikia Githae barazani siku ile. Mwishowe Lynn alikuja, akamshika mkono, akamrudisha kitini.