Mstari wa Bi Asya

Chuo kimeamua kwamba ukurasa wa shukrani katika tasnifu uwe mmoja tu, na nafasi kati ya mistari iwe mara mbili kama kurasa nyingine zote. Aliyetunga sharti hilo bila shaka hakuzaliwa Pemba. Huku kwetu mtu akisoma, amesomeshwa na kijiji kizima: huyu katoa unga, yule kampakia kwenye vespa, yule kamwombea dua, na ukimsahau mmoja mtakutana harusini.

Mwanaasha wa Vitongoji alijaribu ujanja. Aliibana mistari ya ukurasa ule mpaka ikakanyagana, watu wake wote wakaenea. Lakini Bwana Haroub, anayepokea tasnifu pale chuoni, ana rula mezani na haoni haya kuitumia. Alipima, akamrudishia kazi yake, akamwambia airekebishe na kuileta kabla ofisi haijafungwa. La sivyo, asubiri mahafali ya mwakani.

Ndipo akajikuta kwenye steshenari ya Jabir, Chake Chake. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa mamaake, Bi Mwatum, aliyekuja mjini makusudi kukiona kitabu cha mwanawe kikitiwa jalada.

Jabir akabonyeza dabo spesi. Mistari ikaachana, ukurasa ukajaa, ukamwagika. Mwanaasha akaanza kupunguza maneno: wajomba wakabanwa katika sentensi moja, majirani wakawa "majirani wote". Bado sentensi moja ikabaki ng'ambo, peke yake juu ya ukurasa wa pili. Ilikuwa ya Bi Asya.

Bi Asya ni mke wa pili wa babaake. Mwanaasha alipokuwa mdogo, Bi Mwatum aliugua akapelekwa Unguja kutibiwa, akakaa huko muda mrefu. Bi Asya ndiye aliyemwosha mtoto, akamsuka nywele, akampeleka chuo cha Kurani kuanza juzuu. Bi Mwatum aliporudi amepona, mtoto alimkimbia, akamshika Bi Asya nguo na kumwita mama. Tangu siku hiyo Bi Mwatum hakutia tena mguu kwa mke mwenzake, ingawa kinachozitenga nyumba zao ni ua wa makuti tu. Kwa hiyo Mwanaasha alimweka Bi Asya mwisho kabisa, fadhila zikae mkiani, mamaake asiumie. Sasa mkia ndio uliokatika.

"Weka nafasi ya moja nukta tisa," Jabir alinong'ona. "Nani ataona?"

"Yule ana rula, Jabir."

"Basi mtoe huyo wa mwisho. Kwani mwenyewe atajua?"

Mwanaasha alishika kipanya, asibonyeze. Hata Bi Asya asipojua, angejua yeye, na jambo hilo lilimuuma.

"Kuna nini?" Bi Mwatum akauliza.

"Majina hayaenei, mama."

"Nani kaachwa nje?"

Angeweza kudanganya. Mamaake husoma herufi za Kiarabu. Hizi za kompyuta humpiga chenga. Lakini hakudanganya. "Bi Asya," akasema.

Bi Mwatum akainuka, akasogea karibu na kompyuta. Jabir, ambaye si mjinga, akakumbuka ghafla kwamba printa yake inataka karatasi.

"Na kwangu mie kumeandikwa nini? Hebu nsomee."

Mwanaasha akasoma: "Namshukuru mama yangu mzazi, Bi Mwatum, aliyenibeba tumboni, akanizaa kwa uchungu, akanilea tangu utotoni." Alipofika kwenye kulea, sauti ikampungua.

"Hayo ya kubeba na kuzaa yafute," Bi Mwatum akasema. "Kila ntu ajua n'mekuzaa mie, hukuokotwa. Na hilo la kukulea, n'likulea kwa simu n'kiwa Unguja? Lifute nalo. Mtie Asya."

"Mama..."

"Mtie, mwanangu. N'lirudi n'kakukuta nnene, kichwa kimesukwa, wasoma. N'kaona wivu. Hata ahsante sikumpa."

Mwanaasha akafuta, machozi yakimdondokea kwenye vidole. Sentensi ya Bi Asya ikapanda ukurasa wa kwanza, ikakaa mahali pake. Printa ikatoa karatasi, na Bi Mwatum akaiwahi kabla ya wote.

"Hiyo ya majaribio, Bi Mwatum," Jabir akasema. "Wino umefifia pembeni."

"Yan'tosha hii hii. Jina lake liko wapi?"

Mwanaasha akamwonyesha. Bi Mwatum akaweka kidole chake hapo, akalitazama jina: juu yake peupe, chini yake peupe.

"Vyema mmeiachanisha mistari," akasema, akiikunja karatasi na kuitia mkobani. "Leo nauvuka ule ua. N'tamwonyesha mwenyewe kwa kidole, na mstari sitaukosea."