Koti Kwenye Tuta la Njegere

Udongo wa mteremko wetu, hapa Rwanda juu ya Cyangugu, una rutuba ya kutisha. Niliwahi kusahau spoki ya baiskeli nyuma ya nyumba. Mvua mbili tu zikapita, nikaikuta imetoa jani. Asiyeamini aje na spoki yake. Lakini mwaka ule wa tisini na saba udongo ulikosa watu wa kuulima. Wengine walikuwa wamelala chini yake, wengine wametawanyika ng'ambo ya ziwa, kwenye misitu ya Zaire.

Jirani yangu Mukandayisenga alirudi kwa daraja la Rusizi baada ya kambi yao ya wakimbizi huko Zaire kupigwa, yeye na binti yake mdogo, Uwimbabazi. Mumewe, Nzabonimana, hakurudi. Walipoachana njiani alimvisha mtoto koti lake, akafunga konzi ya njegere kwenye pindo la kitenge cha mkewe, akamwambia, "Panda. Nitakuja kuonja." Kisha akageuka kumfuata mama yake mzee aliyebaki nyuma, na umati ukajaa katikati yao.

Akapanda. Tuta moja, upana wa kitanda cha ndoa. Alichomeka matete ya ziwani ili miche ipate pa kushika, akazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, akamwaga jivu kwa ajili ya konokono. Wakabaki ndege. Ndege wa kwetu ni wezi wenye cheo: wanafungua kinywa Bukavu, wanakula mchana Rwanda, na pale mpakani hakuna anayewauliza karatasi. Ndipo akafunga miti miwili, akaivisha lile koti, akaisimamisha katikati ya tuta.

Mimi nikawa nalisalimia kila asubuhi. Namwuliza Nzabonimana habari za huko, namtania kwamba amekonda sana. Mkewe hakucheka, lakini hakunikataza.

Maganda yakajaa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Katika ukoo wao mavuno ya kwanza hayaliwi kabla mwenye nyumba hajaonja. Akiwa amekufa, mjane ndiye anayeonja, na akishaonja hakuna tena wa kungojewa. Sote tulielewa: njegere moja tu mdomoni, naye atakuwa amemzika mumewe bila kaburi.

Akangoja. Uwimbabazi alikula mihogo mchana, mihogo jioni, mpaka miguu ikaanza kuvimba. Kule Mibirizi muuguzi alisema mtoto anahitaji maharage, njegere, chochote cha namna hiyo. Majirani tukamsihi mama. Alijibu kwamba malori bado yanawashusha watu wanaorudi, na kwamba mumewe hajawahi kuvunja ahadi.

Maganda yakaanza kugeuka manjano. Nikaenda na ujanja wangu. Nilimwambia kwamba koti ni la Nzabonimana, lina jasho lake, na limelinda tuta kiume. Tutie ganda moja mfukoni, tuseme mwenye nyumba ameonja, mtoto ale. Niliyasema hayo kwa uso wa sheikh anayefungisha ndoa. Uwongo wangu mwingi nimeugawa bure, lakini ule nilitaka sana uaminiwe.

Mukandayisenga akalitazama koti. Mvua ilikuwa imelifubaza, na begani palikuwa na kinyesi cha ndege.

"Mzee Ridhwani," akasema, "koti haina mdomo."

Nikampisha.

Aliingia tutani ameinua kitenge asivunje miche. Akalivua koti kwenye miti, akalikung'uta, akalivaa. Mikono ya koti ilimfunika hadi vidoleni, akaikunja. Akachuma ganda moja, akalipasua kwa ukucha, akatia njegere mdomoni, mbichi, akatafuna taratibu huku anatazama ng'ambo ya ziwa, mpaka akameza.

Kisha akamwita binti yake.

"Kuya na sufuria, Uwimbabazi. Mwenye nyumba ameonja."

Nikamshika mkono, nikampa pole, ile ambayo siku zote hizo hakuna aliyethubutu kumpa. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Halafu tukachuma, sisi watatu, tukiyaacha makavu kwa mbegu, na yeye alikuwa mbele na lile koti.

Ndege hawakushuka siku ile. Hilo nalo si lazima mniamini.